Kila kanuni na ugonjwa wake: kufundisha Japani ukiwa umetoka Mwanza

Swali la kwanza la afya nililoulizwa Japani lilikuja kwenye fomu: joto lako la kawaida ni ngapi? Hawakutaka joto la siku ile, walitaka la kawaida. Kwetu Mwanza kipimajoto cha kwanza ni kiganja cha mama kwenye paji la uso, na homa ni malaria mpaka kipimo kikatae. Mtu mzima mwenye afya zake kujipima joto ni sawa na kumwita fundi aje kuangalia bomba lisilovuja. Hapa mtoto wa darasa la pili atakwambia bila kufikiri kwamba lake ni 36.3, kwa hiyo likifika 37 anajua mwili wake umeshaanza kubadilika, ingawa kwenye miongozo ya magonjwa ya kuambukiza homa inaanzia 37.5. Nikanunua kipimajoto cha kwapani, nikajipima asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, nikajaza 36.7. Karani aliyeipokea fomu alitikisa kichwa kwa kuridhika, kana kwamba sasa ndiyo tumefahamiana.

Ninafundisha Kiingereza kama mwalimu msaidizi, nikizunguka kati ya shule ya msingi na sekondari ya chini katika mji mmoja wa bonde la Kōfu, mkoani Yamanashi. Ni nchi ya zabibu na mapichi, milima pande zote, na mlima Fuji unachungulia upande wa kusini siku mawingu yakiruhusu. Jamaa wakinipigia kutoka nyumbani hawaniulizi habari za kufundisha, wanauliza habari za usafi. Eti ni kweli watoto wanasafisha shule wenyewe? Kweli, kila siku, kwa matambara waliyoshonewa nyumbani, wakisukuma sakafu ya korido kwa mikono miwili na makalio juu. Eti viatu vya nje haviingii ndani? Kweli, kila mtu ana viatu vyake vya ndani, na chooni kuna ndala nyingine tena. Halafu linafuata lile neno la kufungia mazungumzo: "Ndugu yangu, wenzetu wamezaliwa hivyo."

Hapo ndipo tunapogombana. Nimekuwa nikizifuatilia hizi kanuni moja baada ya nyingine, nikiwauliza walimu wa makamo na kusoma historia ya mkoa, na karibu kila ninayoifukua nakuta chini yake ugonjwa uliowahi kuwaumiza au kuwaua watoto. Hakuna aliyezaliwa hivyo. Walipigwa kwanza.

Chukua mahudhurio ya asubuhi. Saa mbili na nusu, kabla ya somo lolote, mwalimu wa darasa anaita majina, na mtoto haitikii "nipo" tu. Anaitikia na hali yake: "Hai, genki desu", mimi mzima, au ana mafua kidogo, kichwa kizito, tumbo linamsokota. Mwalimu anatia alama kwenye daftari, na mwanafunzi wa zamu ya afya analipeleka chumba cha afya. Kabla kipindi cha kwanza hakijaisha, mwalimu wa afya anajua shule nzima ina vikohozi vingapi na vimejikusanya darasa gani. Kinachonifurahisha ni jinsi watoto wasivyoona haya. Kuna kijana wa darasa la tatu hutangaza habari za kuharisha kwake kwa sauti ileile anayotajia timu yake ya besiboli, na hakuna anayecheka. Na mimi nikikohoa mbele ya darasa, lazima mmoja aniulize joto langu leo ni ngapi.

Huyo mwalimu wa afya ndiye mtu niliyemwelewa kwa shida kuliko wote shuleni. Anavaa koti jeupe, ana vitanda viwili vyenye mapazia, mizani, na friji ya barafu, basi nikadhani ni nesi. Ni mwalimu, mwenye leseni ya ualimu, anakaa kwenye vikao na ana kauli. Chanzo chake ni macho. Mwaka 1905 mkoa wa Gifu ulianza kuweka wauguzi shuleni kwa sababu ya trakoma, ugonjwa wa macho ambao wenzetu wa Kongwa, Dodoma, hawahitaji kuelezwa: macho ya watoto yanaoshwa, yanatiwa dawa, yanakaguliwa, na bado yanarudi mabovu kwa kuwa nyumbani taulo ni moja. Wauguzi wale wakaanza kufuatilia mpaka majumbani na kufundisha, na mwaka 1941 wakahesabiwa rasmi kuwa walimu. Trakoma imeondoka, mwalimu amebaki. Hata leso ambayo kila mtoto hapa anatembea nayo mfukoni ina undugu na taulo lile. Chooni shuleni mara nyingi hakuna kitu cha kufutia mikono. Kila mtu na leso yake, haiazimwi.

Jambo lililonishangaza kwake ni kwamba hatoi dawa za kumeza. Tanzania sijawahi kukaa ofisi ya walimu isiyokuwa na Panadol kwenye droo ya mtu fulani. Mtoto akiumwa kichwa anapewa, anakunywa na maji, anarudi darasani. Hapa mtoto anapimwa joto, anawekewa kitu cha baridi, analala kipindi kimoja, na asipopata nafuu mzazi anapigiwa simu aje kumchukua. Mama akiwa kazini Kōfu mjini, atatoka kazini. Mwanzoni niliona ni ukali usio na maana kwa ajili ya kidonge kimoja. Kisha nikaona kinachofanyika katika kile kipindi cha kulala. Kulikuwa na msichana wa sekondari aliyekuja karibu kila asubuhi akisema tumbo. Joto 36.5, siku zote. Mwalimu wa afya hakumwuliza kwa nini haendi darasani. Alimpa kasha la plasta za vidonda azipange kwa ukubwa, akaendelea kuandika ripoti zake, na wakakaa hivyo, mmoja anapanga, mwingine anaandika, mpaka siku moja msichana akaanza kusema mwenyewe kilichokuwa kinamsibu darasani. Watoto wa namna hiyo ni wengi kiasi kwamba kuhudhuria shule kwa kuishia chumba cha afya ni jambo linalotambulika, na mtoto anayefika pale anahesabiwa kuwa amefika shule. Kidonge kingemrudisha darasani siku ya kwanza, na asingesema kitu.

Ukaguzi wa kucha sikuhitaji kufundishwa. Nani aliyesoma shule ya msingi Tanzania akausahau? Jumatatu paredi, mikono mbele, mwalimu wa zamu anapita na fimbo, kiranja nyuma yake na daftari. Hapa wanaokagua ni wanafunzi wenyewe, kamati ya afya, watoto wa darasa la tano na la sita wanaopita na karatasi: leso ipo, tishu zipo, kucha fupi. Darasa lililofanya vizuri linachorewa ua ukutani. Hakuna fimbo. Lakini nisije nikapamba. Nimemwona mtoto aliyesahau leso akitazamwa na kundi lake kwa sababu amewakosesha ua, na sina hakika mimi ningechagua lipi kati ya macho yale na kiboko kimoja cha haraka.

Kusukutua koo nako wanakuchukulia kwa uzito. Watoto wakirudi kutoka uwanjani wanapanga mstari kwenye yale mabomba marefu, wananawa mikono, kisha vichwa nyuma, na korido nzima inaunguruma. Nilikuwa nikiyaona haya ni mambo ya bibi mpaka nilipopata habari za utafiti wa watu wa Chuo Kikuu cha Kyoto, uliochapishwa mwaka 2005: waliosukutua kwa maji matupu walipata mafua machache kwa kadiri ya theluthi moja kuliko wasiosukutua, na wale waliotumia dawa ya ayodini hawakupata faida ya maana. Maji ya bomba yameishinda dawa ya dukani. Tangu hapo nasukutua nao.

Barakoa nitazipitia haraka kwa sababu kila mtu ameshaziandikia. Wajapani walianza kuzivaa kwa wingi wakati wa lile gonjwa la homa ya mafua la 1918 hadi 1920, serikali ikibandika mabango. Baadaye zikapata kazi ya pili kila majira ya machipuko, pale misitu ya misugi, miti ya mbao ya Kijapani, iliyopandwa kwa wingi baada ya vita inapomwaga chavua na nusu ya ofisi ya walimu inapiga chafya. Kwa hiyo shule zilipotangaziwa kwamba kuanzia Aprili 2023 barakoa si lazima tena, kwenye sekondari yetu hakuna aliyezitupa siku ile. Wengine wana aleji, wengine wana chunusi, na wapo ambao hawajawahi kuwaonyesha wenzao midomo yao. Sasa jaribu kufundisha sauti za Kiingereza, za ulimi kati ya meno, kwa watoto ambao hujui wana meno gani.

Tuje kwenye chakula, maana hapa pana mambo. Chakula cha mchana shuleni kilianza mwaka 1889 huko Tsuruoka, mkoa wa Yamagata, kwa watoto maskini waliokuwa wakisoma hekaluni: matonge ya wali, samaki wa chumvi, kachumbari. Sheria ya chakula cha shule ikaja mwaka 1954. Leo watoto wa zamu wanavaa makoti meupe, kofia na barakoa, wanasukuma masufuria kutoka jikoni na kuwapakulia wenzao, nami napanga mstari na trei yangu kama yeyote. Maziwa ni pakiti ya mililita 200 kila siku, hata siku ya wali na supu ya miso, mchanganyiko ambao ulimi wangu umekataa kuuzoea. Baada ya kula, mswaki, wimbo ukipigwa kwenye spika ili mtu asimalize kabla ya wimbo.

Kuna mtu anayekula kabla yetu. Kila siku, kama nusu saa kabla ya chakula kuingia madarasani, trei moja inapelekwa kwa mwalimu mkuu. Anaonja kila kitu, anaandika harufu, ladha, kama kimeiva, kama kuna kitu kigeni, anapiga mhuri. Akiona kasoro chakula hakitoki. Na huko jikoni sampuli ya kila chakula na kila kiambato, gramu 50 hivi, imefungwa kwenye mfuko na kuwekwa kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, itunzwe wiki mbili. Nilimwuliza mpishi wa nini. Akanijibu neno moja: Sakai.

Julai 1996, katika mji wa Sakai karibu na Osaka, bakteria wa O157 waliingia kwenye chakula cha shule za msingi. Watu zaidi ya 9,000 waliugua, wengi wao wakiwa wanafunzi, na watoto watatu wakafa. Kwa wiki kadhaa nchi nzima ilikuwa ikitafuta kilichobeba wadudu. Machipukizi ya figili yakashukiwa, wakulima wake wakafilisika, waziri wa afya wa wakati huo, Naoto Kan, akayala mbele ya kamera ili kutuliza watu. Ugonjwa ule unaweza kuchukua siku nyingi kabla ya kujionyesha, na ukishajionyesha chakula kimeshatupwa. Ndiyo maana ya friza na wiki mbili. Ndiyo maana pia shule nyingi hazitoi saladi mbichi, hata nyanya ndogo zinaangaliwa kwa mashaka, na mboga zinapita kwenye maji ya moto kabla ya kutiwa siki. Mpishi yule alikuwa msichana mwaka ule, yuko mbali kabisa na Sakai. Bado anapotaja jina la mji anashusha sauti.

Sasa nifike kwenye habari niliyotaka kuiandika tangu mwanzo.

Mpaka mwaka wa masomo ulioishia Machi 2016, watoto wa shule za msingi Japani walipewa kikaratasi chenye plastiki ya kunata, duara la buluu katikati. Asubuhi kabla ya kwenda haja, mzazi anakibandika matakoni, anabonyeza, anakirudisha kwenye bahasha, mtoto anakibeba shuleni. Kazi yake ni kunasa mayai ya vile viminyoo vyembamba vyeupe vinavyowasha usiku. Kwenye maelezo palikuwa na picha ya kitoto malaika kimeinama kinajibandika, na mwalimu yeyote wa hapa mwenye miaka zaidi ya 25 ukimtajia picha hiyo atacheka mpaka machozi. Walio wakubwa zaidi wana hadithi nyingine: kibiriti. Miaka ya baada ya vita mtoto alitakiwa kuleta kinyesi chake shuleni, na chombo kilichokuwepo kila nyumba ni kisanduku cha kibiriti. Mashamba yalirutubishwa kwa kinyesi cha watu, mboga zikaliwa mbichi, na minyoo ilikuwa tumboni mwa zaidi ya nusu ya wananchi. Shule ndiko ilikofukuziwa. Kupima, dawa, kupima tena, mwaka baada ya mwaka, mpaka vipimo vikawa havipati kitu na serikali ikaona hakuna haja ya kuendelea kuwabandikisha watoto.

Nilipowasimulia kwamba Mwanza nami nilimeza dawa za minyoo shuleni, tena pamoja na za kichocho, ofisi ya walimu ilinyamaza. Nilidhani nimewatia kinyaa. Mwalimu wa sayansi, mzee aliyekaribia kustaafu, akaniambia: "Mwalimu, unajua umekaa wapi?"

Sikujua. Bonde hili la Kōfu lilikuwa bonde la kichocho. Si kile chetu hasa, ni ndugu yake, *Schistosoma japonicum*, lakini habari ni ileile: miguu majini, ngozi inawasha, homa, kisha miaka ya ini kuharibika na tumbo kujaa maji. Watu hapa waliuita ugonjwa wa mahali. Walijua vijiji vyake, walijua mtu akiolewa kijiji fulani aandae jeneza lake, hawakujua unatoka wapi. Mwaka 1897 mkulima mmoja, Sugiyama Naka, alipoona hana siku nyingi, aliomba kwa maandishi mwili wake upasuliwe ili madaktari waone kinachowaua watu wa Yamanashi. Mwanamke wa kijijini, wakati ambao kupasua maiti kulikuwa jambo la kutisha. Mwaka 1904 Katsurada Fujirō akampata mdudu mwenyewe ndani ya paka wa mkoa huuhuu. Mwaka 1913 Miyairi Keinosuke akampata konokono anayembeba.

Ikabaki kumuua konokono. Mwaka 1917 shule za msingi za mkoa ziligawiwa kijitabu cha picha za rangi kikiwaeleza watoto wasicheze mitoni na kwa nini. Watu walitoka na vijiti vya kulia wakaokota konokono mmoja mmoja kando ya mifereji, na hao konokono ni wadogo kama punje ya mchele. Wakamwaga chokaa. Wakachoma kingo kwa moto. Mwishowe wakaijengea mifereji ya mashamba kwa zege, zaidi ya kilomita 2,000, ili maji yaende kasi na konokono akose tope la kushikilia. Na sehemu kubwa ya mashamba ya mpunga ikageuzwa bustani za matunda. Zabibu na mapichi haya yanayopigiwa picha na watalii kila Agosti yana mkono wa kichocho ndani yake. Mkoa ulitangaza kuwa umekwisha mwaka 1996, miaka karibu 100 tangu Sugiyama Naka.

Mzee yule alinipeleka Shōwa, mji wa jirani, kwenye zahanati ya zamani ya daktari Sugiura iliyofanywa makumbusho. Nilisimama mbele ya mchoro wa mzunguko wa mdudu: mtu, maji, konokono, maji, mtu. Ni mchoro uleule uliokuwa kwenye daftari langu la sayansi, niliouchora kwa penseli na kusahihishwa kwa kalamu nyekundu. Siku ya dawa kwetu tulipanga mstari kwenye fimbo iliyochorwa mistari. Urefu wako ndio uliosema unameza vidonge vingapi vya prazikwanteli. Warefu walionewa huruma, maana vidonge ni vikubwa na vichungu, na asiyekunywa uji kwanza alitapika kabla ya kufika getini. Mzee alitaka nimweleze ile fimbo mara mbili. Kwao haikuwepo, prazikwanteli ilipopatikana, vita yao ilikuwa karibu kwisha.

Akaniuliza kwa nini basi sisi hatujengi zege. Ni swali zuri na jibu lake linauma kidogo. Konokono wa Yamanashi alikuwa anaishi nusu nchi kavu, kwenye kingo za mifereji ambayo mtu anaweza kuipima kwa mita. Konokono wetu anaishi ndani ya maji, na maji yenyewe ni Ziwa Viktoria. Huwezi kulitia ziwa zege. Mtoto wa Ukerewe anaoga humo, anachota humo, baba yake anavua humo. Kinachobaki ni dawa kila mwaka, choo, na maji ya bomba, na bomba ndilo linalochelewa. Nilimweleza hivyo kwa Kijapani changu cha kuungaunga na yeye akachora ramani ya ziwa kwenye kitambaa cha karatasi, akaniomba niweke alama pale nilipokulia.

Tangu siku hiyo nimekuwa mvumilivu zaidi na taratibu za hapa, hata zile zinazonichosha. Picha ya kifua kila mwaka, kwa mfano, hata kama hukohoi. Kifua kikuu ndicho kilichoua Wajapani wengi kuliko ugonjwa mwingine wowote mpaka mwaka 1950, na ni mwaka 2021 tu ndipo wagonjwa wapya walishuka chini ya 10 kwa kila watu 100,000. Mwalimu mmoja mwenye kifua anaweza kuambukiza darasa zima. Sawa, nitavua nguo, nitavuta pumzi, nitaishikilia.

Kupimwa kiuno ndiko sijakuelewa. Kuna kikomo: sentimita 85 kwa wanaume, 90 kwa wanawake, na mtaalamu mpole anakuzungushia utepe tumboni, anasoma kwa sauti. Nilizidi. Nikapewa kijikaratasi kuhusu mboga na kutembea. Nilimpigia mama nikamsimulia, akauliza nimezidi kiasi gani, nikamwambia. "Mwanangu," akasema, "kwa hiyo huko unakula. Mungu mkubwa." Akakata simu akiwa na furaha kuliko nilivyomsikia kwa miezi.

Lakini ipo kanuni moja ambayo nimeifukua na kuifukua, na chini yake sijakuta ugonjwa wowote.

Mtoto akithibitika ana homa ya mafua ya influenza haruhusiwi kuja shule mpaka zipite siku tano tangu aanze kuugua, na siku mbili tangu homa ishuke. Siku hizo hazihesabiwi kuwa hakuhudhuria. Ni kana kwamba shule ndiyo imemwambia asije, kwa hiyo hana deni. Wagonjwa wakiwa wengi, darasa zima linafungwa siku chache. Ni utaratibu wa busara na watoto wanaufuata. Shida ni kwamba haugusi mafua ya kawaida, tumbo la kawaida, wala kichwa cha kawaida. Ukikaa nyumbani kwa hayo, umekosa. Na mwisho wa masomo, mbele ya wazazi, kuna cheti cha yule ambaye hakukosa hata siku moja.

Nimewaona watoto wanaokitafuta. Wanakuja wekundu, macho yamelegea, na asubuhi jina likiitwa wanajibu genki desu kwa sauti ya kufa. Lile daftari la afya lote, ule uwazi wote wa kutaja tumbo mbele ya watu, unaharibiwa na karatasi moja yenye mhuri. Kijana mmoja alilala chumba cha afya kutwa nzima na nyuzi 38, akamsihi mwalimu asimpigie mama yake, kwa sababu akiondoka mapema itaandikwa. Na walimu hawana afadhali. Tukiumwa mafua tunakata siku kutoka likizo yetu ya mwaka, ingawa likizo ya ugonjwa ipo kwenye karatasi, na wengi hawakati kabisa. Ofisi ya walimu mwezi wa Januari ni wodi yenye kompyuta.

Februari iliyopita mwalimu wa afya alilileta kikaoni. Alisema shule nyingine zimeshaacha kutoa cheti hicho tangu korona, na kwamba hawezi asubuhi kumwomba mtoto aseme kweli na mwisho wa mwaka kumpa zawadi aliyedanganya. Hakupandisha sauti. Mwalimu mmoja wa muda mrefu akapinga: kuna mtoto hana alama za juu, hana mbio, hana sauti ya kuimba, kitu pekee anachoweza kushinda ni kufika. Utamnyang'anya na hicho? Nikiri kwamba hoja ile ilinigusa, maana nasi tulikuwa na watoto wa hivyo, waliotembea kilomita kadhaa wakafika kabla ya kengele. Wengine wakatazama meza. Mwalimu mkuu akasema jambo ni zito, litazamwe mwaka ujao, na vyeti vikatoka kama kawaida.

Mimi ni msaidizi, sina kauli kwenye kikao. Nilimfuata mwalimu wa afya koridoni nikamwambia yuko sahihi. Akanijibu kwamba atalirudisha Mei. Walimu huku huhamishwa kila Aprili, na yule aliyempinga amekaa shule hii kupita kawaida.